Dawa mbili katika pumzi moja: mume wangu anasema zitaniua

BARUA

Daktari, hujambo na pole kwa kazi. Mimi ni mama wa watoto watatu, tunaishi Kaptembwo hapa Nakuru, na riziki yangu ni nafaka. Nauza mahindi, maharagwe na ndengu sokoni. Pumu ninayo tangu nikiwa msichana kule Butere, na miaka yote hii dawa yangu imekuwa ile inhela ya buluu. Nikibanwa napuliza, kifua kinafunguka, narudi kazini. Naipata duka la dawa kwa shilingi mia tatu hivi bila karatasi ya daktari, na inanifikisha mwisho wa mwezi.

Mwezi wa saba baridi ilipokaza, na maharagwe mapya yakawa yanaingia sokoni na vumbi lake, nilibanwa usiku mpaka nikashindwa kumaliza sentensi. Baba Kevo aliita bodaboda nikakimbizwa hospitali, nikawekewa oksijeni na ile mashine ya mvuke. Asubuhi afisa wa kliniki, kijana mpole sana, akaniambia ile ya buluu niiweke kando. Akaniandikia inhela nyingine, ya kubonyeza, yenye dawa mbili ndani. Nipulize mara moja asubuhi na mara moja jioni, na nikibanwa katikati ya siku nipulize hiyo hiyo.

Kwanza bei. Nimelipa karibu elfu mbili. Pili, Baba Kevo amesoma kile kikaratasi cha ndani ya boksi akaona neno steroidi. Anasema hizo ndizo zinazovimbisha watu mashavu na kuzuia wanawake kushika mimba, tena kuvuta dawa mbili kwa pumzi moja ni kujimaliza, na ushahidi ni kwamba nikipuliza moyo unaenda mbio. Mwenzangu wa chama naye anasema nimetupa pesa bure tu, ningenunua ya buluu na ya kahawia mbalimbali, dawa ni zile zile. Halafu kuna mzee jirani yetu aliyevuta sigara miaka mingi. Yeye ana inhela yenye dawa tatu, na amenipa moja ya akiba yake. Anasema kama mbili hazikutoshi, tatu zitaiweza pumu. Iko kwenye droo, sijaigusa.

Kusema kweli hii mpya nimeihifadhi kwa siku mbaya. Siku za kawaida narudia ile ya buluu ili nisiimalize. Naogopa kuitumia na naogopa kuiacha. Kwa nini wasinipe dawa moja nikajua moja? Nishauri.

Mama Kevo, Kaptembwo

JIBU

Mama Kevo, pole kwa usiku ule, na asante kwa kueleza kila kitu bila kuficha. Nianze na la kufanya, sababu zifuate. Leo jioni puliza ile inhela mpya kama ulivyoandikiwa, na kesho asubuhi tena, na kila siku, uwe umebanwa au hujabanwa. Ile ya mzee mrudishie leo leo.

Sasa turudi kwenye sentensi uliyoiandika kwa haraka, nami imenishtua kuliko zote: inhela ya buluu inakufikisha mwisho wa mwezi. Chupa moja ya salbutamoli, ndiyo hiyo dawa ya buluu, huwa na mipulizo 200. Ukiimaliza kwa mwezi, unapuliza zaidi ya mara 6 kila siku, na kwa mwaka ni chupa 12. GINA, ambao ndio watoaji wa mwongozo wa pumu unaofuatwa duniani, wanasema hivi: mtu anayetumia chupa 3 au zaidi za dawa hiyo kwa mwaka yumo katika hatari kubwa zaidi ya kubanwa vibaya na kukimbizwa hospitali. Anayefikia 12, hatari inayoongezeka ni ya kifo. Sikuandikii haya kukutisha. Nataka uone kwamba usiku wa mwezi wa saba haukuja ghafla. Baridi na vumbi viliukuta mwili ambao kwa miaka ulikuwa unatulizwa bila kutibiwa.

Pumu ina mambo mawili ndani yake. Misuli inayozunguka mirija ya hewa inajikaza, na ukuta wa ndani wa mirija hiyo unavimba na kutoa makamasi mazito. Dawa ya buluu inalegeza misuli. Inafanya hivyo kwa dakika chache na unaisikia ikifanya, ndiyo maana unaipenda. Lakini uvimbe haiugusi. Uvimbe unaendelea kukua siku baada ya siku, mirija inazidi kuwa miembamba, nawe unazidi kupuliza, mpaka siku ambayo hata kulegeza misuli hakusaidii kwa sababu njia yenyewe imejaa. Kinachopunguza uvimbe ni steroidi ya kuvuta, nayo kazi yake ni ya polepole, ya siku na wiki. Ukiivuta husikii chochote. Hakuna kifua kinachofunguka papo hapo. Na mwanadamu akipewa inhela mbili, moja anaisikia na nyingine haisikii, wakati pesa ni kidogo, itakayobaki dukani inajulikana.

Hapo ndipo penye maana ya kuweka dawa mbili katika pumzi moja. Kila unapotafuta nafuu, dawa usiyoisikia inaingia pamoja na ile unayoisikia. Huwezi kuiacha nyuma. Kwa maoni yangu hiyo ndiyo hatua kubwa iliyopigwa katika matibabu ya pumu tangu steroidi za kuvuta zilipoanza kuuzwa miaka ya 1970, na inanisikitisha kwamba inafika kwa watu kama wewe baada ya kulazwa tu.

Zipo pia sababu za ndani ya mwili. Dawa ya kulegeza misuli hufanya kazi kwa kushika vipokezi, yaani sehemu za kupokelea dawa, vilivyo juu ya seli za mirija, na steroidi huzifanya seli hizo zitengeneze vipokezi zaidi. Kwa upande wake, ile ya kulegeza huisaidia steroidi kuingia katika kiini cha seli, mahali inapofanyia kazi. Kila moja inamwongezea mwenzake nguvu, na ndiyo maana mara nyingi kipimo kidogo cha steroidi kikiwa pamoja na mwenzake hudhibiti pumu vizuri kuliko kuongeza steroidi peke yake.

Na kuzitenganisha kuna historia ya kusikitisha. Mwaka 1996 Marekani walianza utafiti mkubwa wa salmeteroli, dawa ya kulegeza misuli inayodumu karibu saa 12. Waliongezewa dawa hiyo wagonjwa waliokuwa wakiendelea na matibabu yao ya kawaida, na wengi wao hawakuwa kwenye steroidi ya kuvuta. Walioshiriki walizidi 26,000. Ilipohesabiwa, waliokufa kwa pumu walikuwa 13 upande wa salmeteroli na 3 upande wa waliopewa inhela isiyo na dawa ndani. Utafiti ulisimamishwa kabla ya wakati. Kifua kilikuwa kikifunguka, watu wakajiona wazima, na chini yake uvimbe ukaendelea. Baadaye mamlaka ya dawa ya Marekani iliagiza tafiti nyingine, safari hii dawa ya aina hiyo ikiwa pamoja na steroidi ndani ya inhela moja. Wagonjwa kwa jumla walikuwa zaidi ya 40,000, na hatari ile haikuonekana. Desemba 2017 onyo kali lililokuwa limebandikwa kwenye maboksi ya mchanganyiko huo likaondolewa. Kwa hiyo Baba Kevo anapoogopa dawa mbili, mwambie kilichoonekana kuwa cha hatari ni ile ya kulegeza misuli ikiwa peke yake.

Umeuliza kwa nini usipewe dawa moja ukajua moja. Hebu nikueleze zinavyosafiri, kwa sababu hapo ndipo utakapoona kazi iliyomo katika kile kichupa.

Dawa ya kuvuta ni chembe. Ukubwa wake hupimwa kwa maikromita, na maikromita 1,000 ndizo zinazofanya milimita moja. Wewe unapepeta nafaka, kwa hiyo hili utalielewa haraka kuliko wanafunzi wangu: kilicho kizito huanguka karibu, kilicho chepesi sana huenda na upepo kisirudi, na unachokitaka ni kile cha katikati. Chembe inayozidi maikromita 5 au 6 haiwezi kukata kona ya koo. Inajibandika kwenye ulimi na kooni, unaimeza. Iliyo chini ya moja nyingi yake huelea na kutoka tena unapotoa pumzi. Zilizo kati ya 1 na 5 ndizo zinazoshuka hadi mirija midogo.

Sasa weka dawa mbili. Kama chembe za moja ni kubwa na za nyingine ni ndogo, moja itaishia kooni na nyingine itafika ndani, na mgonjwa atadhani amepata zote. Katika inhela nyingi zilizopo madukani kila dawa ina chembe zake, na kazi ya kiwanda ni kuhakikisha zote zimesagwa kwa ukubwa unaofaa na zinatoka kwa uwiano ule ule kuanzia mpulizo wa kwanza hadi wa mwisho. Zile za unga mkavu zina tabu yake zaidi. Chembe ndogo kiasi hicho hupenda kushikana, kwa hiyo hubandikwa juu ya chembe kubwa za sukari ya maziwa, na pumzi ya mgonjwa ndiyo inayozibandua. Kila dawa hushika kwa nguvu yake, na ukiongeza ya tatu hesabu nzima inabadilika.

Ndiyo maana watafiti wanahangaika kutengeneza chembe moja ambayo ndani yake mna dawa zote. Njia mojawapo ni kuyeyusha dawa mbili au tatu katika kimiminika kimoja, kisha kukirusha kama ukungu ndani ya hewa ya moto. Kila tone linakauka na kuwa chembe yenye kiasi sawa cha kila dawa. Ikitua kwenye ukuta wa mrija, zote zimetua mahali pamoja, juu ya seli zile zile, kwa wakati mmoja. Kwa dawa zinazosaidiana ndani ya seli, hilo si jambo dogo. Njia nyingine tayari iko sokoni nchi kadhaa: chembe nyepesi zenye vitundu, zilizotengenezwa kwa mafuta ya jamii ya yale yanayotanda ndani ya mapafu yetu, na fuwele za dawa zinajishikiza juu yake. Inhela ya dawa tatu ya aina hiyo iliruhusiwa Marekani mwaka 2020 kwa ugonjwa wa mapafu alionao, nadhani, yule mzee wako.

Na mwenzako wa chama? Hajakosea kabisa. Ndani ya boksi lako kuna steroidi, na ndani ya ile ya kahawia kuna steroidi pia, kwa kawaida beklometasoni. Lakini dawa ya kulegeza iliyo kwenye yako, kama ni formoteroli, si sawa na ile ya buluu. Formoteroli huanza kazi ndani ya dakika 1 hadi 3 kama salbutamoli, kisha hudumu karibu saa 12. Kwa sababu inaanza haraka, inhela moja inaweza kuwa ya kila siku na ya dharura pia, kama ulivyoelekezwa. Hata kwa wenye pumu nyepesi, utafiti uliochapishwa 2018 uliona kwamba waliotumia budesonaidi, ambayo ni steroidi ya kuvuta, pamoja na formoteroli pale tu walipobanwa walipata mashambulizi makali pungufu kwa asilimia 64 kuliko waliotumia dawa ya kulegeza misuli peke yake. Mwaka uliofuata GINA wakaacha kupendekeza kutibu pumu kwa salbutamoli peke yake.

Kwa hiyo soma boksi lako, na usome vizuri. Kama limeandikwa budesonide na formoterol, au beclometasone na formoterol, fuata maelekezo ya yule kijana. Kama la pili ni salmeterol, hiyo si ya kupuliza ukibanwa, kwa sababu inachelewa kuanza. Ni ya asubuhi na jioni tu, na utahitaji ya buluu kwa dharura. Ukiona salmeterol, rudi kliniki uulize kabla ya kuendelea.

Kuhusu bei, tufanye hesabu pamoja. Nyingi za kubonyeza zina mipulizo 120. Ukipuliza 2 kwa siku, ni siku 60. Ukibanwa mara kwa mara mwanzoni zitapungua, lakini uvimbe ukishashuka haja ya ziada huisha. Elfu mbili kwa miezi miwili, ukitoa mia sita ya zile mbili za buluu ambazo hutanunua tena, inabaki elfu moja na mia nne. Najua si pesa ndogo kwa anayeuza kwa gorogoro. Uliza duka la dawa la hospitali ya umma kabla ya kwenda la binafsi. Uliza kama SHA, bima ya afya ya serikali, inaweza kugharamia, na mwombe mfamasia akupe ya kampuni yoyote iliyo nafuu mradi dawa na vipimo ni vile vile. Mchanganyiko wa budesonaidi na formoteroli uko kwenye orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani, hivyo si anasa ya matajiri, una haki ya kuuliza kwa nini haupo.

Na ukikwama kabisa, pesa haipo na chupa imeisha, usirudi kwenye buluu peke yake. Hapo ushauri wa mwenzako una nafasi: nunua ya kahawia pia, na kila unapovuta ya buluu, vuta ya kahawia papo hapo. Mwongozo unakubali njia hiyo kwa mtu mzima mwenye pumu nyepesi. Ni ya pili kwa ubora, kwa sababu inategemea wewe kukumbuka kila mara, lakini ni salama kuliko unachofanya sasa.

Baba Kevo amesoma kikaratasi, na mume anayesoma kikaratasi cha dawa ya mkewe anamjali. Hofu yake ina chanzo. Vidonge vya steroidi vikimezwa kwa miezi huvimbisha mashavu kweli, huchosha mifupa, hupandisha sukari. Lakini tazama vipimo. Mtu mzima aliyebanwa vibaya hupewa takriban miligramu 40 za predinisoloni, steroidi ya kumeza, kwa siku. Mpulizo mmoja wa budesonaidi mara nyingi ni maikrogramu 200 au pungufu, yaani sehemu moja ya mia mbili kwa uzani. Ni kweli budesonaidi ina nguvu zaidi kwa uzani ule ule, lakini inatua pale pale penye ugonjwa, na nyingi ya ile inayomezwa huvunjwa na ini kabla ya kuzunguka mwilini. Tena kila shambulizi unaloliepuka ni vidonge ambavyo hukuvimeza. Anayeogopa steroidi anapaswa kuipenda inhela hii.

Kuzuia mimba, hapana. Budesonaidi ni miongoni mwa steroidi za kuvuta zilizochunguzwa sana kwa wajawazito, na mama mjamzito mwenye pumu huambiwa aendelee na inhela yake, maana kinachomdhuru mtoto tumboni ni mama kukosa hewa. Moyo kwenda mbio na mikono kutetemeka kidogo ni kazi ya ile dawa ya kulegeza, hata ya buluu hufanya hivyo, na hupungua. Kama moyo unaruka ruka au kifua kinauma, hilo ni jingine, nenda ukapimwe.

La mzee nataka ulielewe vizuri kwa sababu hapa ndipo ungeweza kuumia. Mzee aliyevuta sigara miaka mingi akapewa dawa tatu, uwezekano mkubwa ana ugonjwa sugu wa kuziba kwa njia za hewa, ambao pia huwapata mama zetu waliopikia kuni ndani ya jikoni zisizo na dirisha. Ni ugonjwa mwingine. Dawa ya tatu hulegeza misuli kwa njia nyingine, kwa kuzuia ujumbe wa mshipa wa fahamu unaoikaza, na inaweza kuwasumbua wenye presha ya macho au wanaume wenye shida ya kukojoa. Yapo maboksi ya ugonjwa huo yenye dawa mbili za kulegeza bila steroidi hata kidogo, na mwenye pumu akitumia hiyo anarudi kule kule kwa wale waliokufa Marekani. Huwezi kujua ni ipi kwa kuangalia rangi. Wapo wenye pumu wanaopewa tatu, lakini baada ya mbili kutumiwa ipasavyo na kushindwa, na wewe hizo mbili hujaanza kuzitumia. Halafu fikiria akiba ya mzee. Ikiisha yake usiku mmoja, atahitaji hiyo iliyo kwenye droo yako.

Sasa jinsi ya kupuliza, maana nimeona watu wakilipa elfu mbili na kumwaga elfu moja na mia tano hewani. Tikisa chupa vizuri kila mara. Simama au keti wima. Toa pumzi yote polepole, ukiwa umeiweka inhela mbali na mdomo. Funga midomo kuzunguka kidomo chake, ulimi chini. Anza kuvuta hewa kwanza, taratibu, na hapo hapo bonyeza mara moja, endelea kuvuta mpaka mapafu yajae. Zuia pumzi kwa kuhesabu hadi 10. Kaa nusu dakika kabla ya mpulizo mwingine, na utikise tena. Simama mbele ya kioo mara ya kwanza. Ukiona ukungu mweupe ukipanda pembeni mwa midomo au puani, dawa imekimbia.

Wengi hawawezi kulinganisha kidole na pumzi, hasa wakibanwa. Ipo chemba ya plastiki ya kuwekwa katikati, hospitalini wanaiita spesa. Ukikosa, chupa ya plastiki ya nusu lita, iliyooshwa na kukaushwa, itobolewe tundu upande wa chini linalobana kidomo cha inhela, nawe uvutie kwenye mdomo wa chupa. Watafiti wa Afrika Kusini waliipima kwa watoto wenye pumu mwaka 1999 na ikafanya kazi sawa na ya dukani. Chembe kubwa zinabaki ukutani mwa chupa, ndogo zinaingia. Hiyo ni kwa inhela za kubonyeza tu. Ukija kupewa ya unga mkavu, haitikiswi wala haiwekwi chemba, na huvutwa kwa nguvu na kwa haraka.

Ukishapuliza, sukutua kwa maji na uteme. Steroidi iliyobaki mdomoni ndiyo inayoleta utando mweupe kwenye ulimi na sauti kukwaruza. Iweke inhela mbali na jiko na jua. Sokoni itie mfukoni, isikae kwenye gunia. Na unapopepeta funga barakoa, usimame upande unaotoka upepo.

Ukibanwa, puliza moja, subiri dakika chache, ongeza moja. Kwa budesonaidi na formoteroli yenye maikrogramu 6 za formoteroli kila mpulizo, kikomo cha mtu mzima ni mipulizo 12 kwa siku, ile ya asubuhi na jioni ikiwemo. Lakini usingoje kukifikia. Siku ukipita 8, daktari akuone siku hiyo hiyo. Na ukishindwa kusema sentensi kwa pumzi moja kama usiku ule, au midomo ikigeuka rangi, au nafuu haiji, ni hospitali mara moja, huku ukiendelea kupuliza njiani. Baba Kevo ajifunze dalili hizo, maana wewe wakati huo hutaweza kumweleza.

Usisubiri chupa iishe ndipo urudi kliniki. Rudi baada ya wiki nne hivi, ukiwa na boksi, inhela zote ulizo nazo, na Baba Kevo. Mwombe yule kijana akutazame ukipuliza na akuandikie kwenye karatasi: ya kila siku ni ngapi, ya kubanwa ni ngapi, na ya kukimbia hospitali ni lini. Karatasi hiyo ibandikwe mahali ambapo hata Kevo anaweza kuisoma.